Kifafa, kitimoto na ufito wa wanafizikia

Maswali ya kifafa kutoka Haydom, Dongobesh na Katesh hayaishi, na mengi ni yale yale. Povu la mgonjwa linaambukiza? Haliambukizi. Ni pepo? Si pepo. Ni kitimoto? Hapo pana jambo, ila wengi wamelishika mkiani.

Anayekula nyama yenye viuvimbe, isiyoiva, hupata tegu tumboni. Kifafa kina njia nyingine: mayai ya tegu huyo hutoka na kinyesi cha mwenye tegu, yakaingia kinywani kwa maji, mboga au vidole, na tegu mchanga akajikita ubongoni. Kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuugua, ikiwa jirani ndiye mwenye tegu. Wagonjwa 212 wa kifafa walipopigwa picha za CT Haydom, takriban mmoja kati ya sita alionekana na dalili za tegu ubongoni. Na utafiti uliochapishwa 2004 ulikagua ndimi za nguruwe 770 katika vijiji 21 vya Mbulu, asilimia 17.4 walikuwa na viuvimbe.

Niruhusuni nipotee kidogo. Hao ni nguruwe 134. Wangekaguliwa 770 wengine, ingetoka 134 tena? Wanafizikia wa chembe, ambao riziki yao ni kuhesabu matukio, hushika kipeuo cha pili: ukihesabu 134, tarajia kuyumba kama 12 juu au chini. Shaka hiyo huchorwa kama ufito mwembamba juu ya nguzo ya grafu. Ukihesabu 4 tu, ufito ni 2, nusu nzima ya nguzo! Maktaba ya lugha ya kompyuta Python, iitwayo mplhep, huuchora kwa agizo fupi. Kule CERN, maabara yao, migongano ya chembe ni mabilioni, hakuna wa kubeba kila mmoja hadi kwenye mchoro. Hubebwa jumla zilizokwisha kupangwa mafungu. mplhep huzipokea zilivyo, ikatoa nguzo, fito, hata mtindo wa maandishi wa majaribio ya huko, ATLAS na CMS.

Chini ya mplhep imelala maktaba nyingine ya kuchora, matplotlib, ya Mmarekani John Hunter, mtafiti wa ubongo. Aliitengeneza ili aone mawimbi ya umeme katika ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Naam, kifafa.

Sasa mganga anajisifu: "Nimeponya watano." Ufito wake uko wapi? Na waliorudi kuanguka amewahesabu? Kifafa huweza kutulia miezi bila dawa yoyote. Mganga hukaa kimya, kikitulia anadai mbuzi wake. Huo ni utapeli.

Haya, haraka: tumia choo, nawa mikono kwa sabuni, fungia nguruwe bandani, pika nyama iive. Dawa za hospitali usiziache kwa sababu umepata nafuu. Mtu akianguka, mlaze kwa ubavu na usimtie kijiko kinywani. Povu lifute kwa kitambaa.