Digrii ya Umeneja wa Muziki: Piga Hesabu Kwanza!

“Mama Neema, naacha kazi benki. Nataka kusomea umeneja wa muziki Uingereza.” Mpenzi msomaji, usiku ule sikulala! Kiwanja chenyewe tulikuwa hatujamaliza kukilipia.

Asubuhi tukakaa na kalamu. Mameneja wengi hawana mshahara. Huchukua kama asilimia 15 hadi 20 ya mapato ya msanii. Msanii akiingiza milioni 2 kwa mwezi, kwa asilimia 20 meneja anapata laki 4. Deni la ada ya Ulaya utalimaliza lini?

Tukatazama nyumbani. TaSUBa, Bagamoyo, inatoa cheti na diploma za sanaa; Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina digrii ya muziki. Popote uendapo, uliza: mikataba, hakimiliki na uhasibu vinafundishwa? Wahitimu wanafanya kazi wapi?

Baba Neema akachagua digrii ya biashara Chuo Kikuu Huria, anasoma huku mshahara unaingia. Wikiendi anamsimamia msanii mmoja chipukizi. Kamisheni ya kwanza ilitosha mifuko mitatu ya saruji. Ndogo, ndiyo, lakini haidaiwi na mtu!