Kamera inavyosimulia uhalifu kabla ya mhusika kunena

Tuseme mwongozaji wa filamu afike Oldonyiro, Kaunti ya Isiolo, siku ya soko la mifugo, akinuia kusimulia kisa cha wizi wa ng'ombe. Swali la kwanza litakalomkabili si nani mwizi, bali kamera isimame wapi. Akiiweka mbali kilimani, mtazamaji ataona vumbi, mifugo na malori, na huenda akadhani kwamba eneo zima lina hatia. Akiisogeza hadi kwenye mikono inayochoma chapa mpya juu ya chapa kuukuu, mtazamaji amekwisha kuwa shahidi.

Mfano mashuhuri wa mbinu hii ya pili ni filamu ya Touch of Evil ya mwaka 1958, iliyoongozwa na Orson Welles, mpigapicha akiwa Russell Metty. Inaanza kwa mikono inayotega bomu la saa. Mtegaji analitia katika buti ya gari na kutoweka. Wenye gari wanaingia na kuondoka bila habari. Hapo kamera, iliyobebwa na kreni, inapaa juu ya majengo, inashuka barabarani na kuandamana na gari hilo hadi mpaka wa Mexico na Marekani, kwa zaidi ya dakika 3 pasipo mkato hata mmoja.

Kukosekana kwa mkato ndiko kunakotia hofu. Mkato humwezesha mwongozaji kuruka dakika kadhaa, na mtazamaji hupata kupumua. Welles anamnyima nafasi hiyo, hivyo kila sekunde ya picha ni sekunde ya bomu. Gari linatangulia, linabaki nyuma, linazuiwa na kundi la mbuzi (jambo ambalo mkazi wa Oldonyiro asingelistaajabia), huku maharusi wawili wakitembea kando yake kwa furaha. Sisi tunajua, wao hawajui. Mkato wa kwanza unakuja pamoja na mlipuko.

Francis Ford Coppola alitumia utaratibu mwingine katika The Godfather, mwaka 1972. Kamera ya Gordon Willis inaanza na uso wa mwombaji aliyezungukwa na giza, kisha inarudi nyuma polepole mno hadi bega na mkono wa anayeombwa vionekane. Mamlaka yake yanahisika kabla sura yake haijaonekana.

Hapa nchini, Nairobi Half Life ya David 'Tosh' Gitonga, iliyotoka mwaka 2012 na kuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuwasilishwa kuwania tuzo ya Oscar, haikufungua kwa bomu wala bastola. Tunamkuta kijana Mwas kijijini akiuza filamu na kuwaigizia watu vituko vya mashujaa wake. Kwa maoni yangu, ufunguzi huo una ujasiri zaidi: bunduki inaonekana kwanza kama mchezo wa kuchekesha, na tunacheka pamoja na wanakijiji, hali Mwas bado hajapanda gari la kwenda Nairobi.