Si Mawe ya Njiani Tu: Tujifunze Kupima Mwendo wa Mgonjwa

Mfanyakazi, leo asubuhi ulipokwenda kazini ulipita juu ya mawe, ulishuka ngazi, uligeuka kumsalimu mwenzako, na hukufikiri hata mara moja juu ya miguu yako. Ndivyo ilivyo kwa mtu mwenye afya. Lakini kila hatua ni kazi kubwa ya mwili. Ubongo unatoa amri, amri inapita ndani ya uti wa mgongo, inafuata mishipa ya fahamu, inafika kwenye misuli ya mguu. Nao mguu unarudisha habari juu: hapa ni jiwe, hapa ni utelezi. Njia hiyo ikiharibika mahali popote, mwendo wa mtu unabadilika. Mara nyingi mwendo unabadilika kabla mtu hajasema kwamba anaumwa.

Sisi wa Goma tunayo shida moja zaidi. Mji wetu umejengwa juu ya lava. Januari 2002 Nyiragongo ilimimina moto wake hadi katikati ya mji, na Mei 2021 lava ikafika tena ukingoni. Kwa hiyo mtu akijikwaa, tunasema: "Ni mawe." Mara nyingi ni kweli. Lakini mtu anayejikwaa nyumbani mwake, juu ya simenti iliyo sawa, mara tatu au nne kwa juma, huyo hakukwazwa na mawe.

Tuseme kuna baba mmoja, mchimbaji. Mke wake anasikia usiku kiatu cha kuume kikikwaruza sakafu. Baba anajua, lakini ananyamaza. Anaogopa kapita akijua atamwondoa kazini. Majirani wanasema amekunywa pombe. Wengine wanasema amelogwa. Miezi sita inapita. Siku anapofika hospitali, mganga anauliza: "Ilianza lini? Inazidi, au imesimama pale pale?" Hakuna anayejua. Katika miezi hiyo yote baba huyo amepanda na kushuka ngazi za shimo, na wenzake wako chini yake.

Jibu la maswali ya mganga lingeweza kuandikwa katika daftari la mtoto wa shule, kwa kutumia saa na kamba ya kupimia. Ukurasa huu unataka kukufundisha jambo hilo.

UGONJWA ULIOJULIKANA KWA MWENDO

Katika nchi yetu upo ugonjwa ambao waganga wanautambua kwanza kwa kutazama mtu akitembea. Ni konzo. Jina hilo ni la lugha ya Kiyaka, maana yake ni miguu iliyofungwa. Mwaka 1938 mganga Trolli aliandika habari zake kutoka Kwango. Mwaka 2011 waganga waliandika kwamba umeonekana pia katika milima ya Kivu ya Kusini. Basi usiseme kwamba ni ugonjwa wa mbali.

Konzo inampata mtu ghafula, hasa watoto na wanawake wanaozaa. Jana alikuwa mzima, leo miguu yote miwili imekakamaa, magoti yanagongana, anatembea kwa ncha za vidole. Inaletwa na muhogo mchungu ambao haukuondolewa vizuri sumu yake iitwayo sianidi, hasa kwa mtu ambaye chakula chake kina upungufu wa maharagwe, samaki na nyama.

Mwaka 1996 Shirika la Afya Ulimwenguni liliweka kipimo cha konzo. Kipimo hicho hakihitaji mashine. Anayetembea bila fimbo, ugonjwa wake ni mdogo. Anayetumia fimbo moja au mbili, ugonjwa wake ni wa kati. Asiyeweza kutembea bila kushikwa, ugonjwa wake ni mkali. Tena mganga anamtazama mgonjwa akitembea na akikimbia pia. Kwa nini? Kwa sababu kuna mtoto ambaye akitembea polepole huoni kitu, lakini akikimbia miguu inakakamaa na kupishana.

Akina mama, mnajua kazi ya kuzuia. Muhogo mchungu umenywe, ulowekwe siku tatu au nne, ukaushwe vizuri. Unga ukiwa na mashaka, uchanganyeni na maji, utandazeni mwembamba saa mbili juani au saa tano kivulini, ndipo mpike bugali siku hiyo hiyo. Na bugali isikose maharagwe au sambaza.

KILA UGONJWA UNA MWENDO WAKE

Tazama vizuri, utaona tofauti.

Aliyepata kiharusi anavuta mguu wa upande mmoja, au anauzungusha kama mtu anayefyeka nyasi, na mkono wa upande huo umejikunja.

Mwenye ugonjwa wa Parkinson anapiga hatua fupi za kuburuza. Mikono haipungi. Akigeuka, anageuka mwili wote pamoja kama ubao. Pengine anasimama mlangoni kama aliyegandamana na sakafu.

Aliyeumia mshipa wa fahamu wa mguu anaushindwa wayo. Anainua goti juu sana, kisha wayo unapiga chini: pa!

Mwenye kuumia sehemu ya nyuma ya ubongo anatembea miguu ikiwa mbalimbali, anayumba kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi ziwani. Huyu ndiye anayesingiziwa pombe.

Wachimbaji, sikilizeni hapa. Zebaki ambayo watu wanaitumia kukamata dhahabu, ikichomwa, mvuke wake unaingia mwilini kwa pumzi na kuharibu ubongo: mikono inatetemeka na mwendo unaweza kuyumba. Na vumbi la manganizi, madini yaliyochimbwa kwetu huko Kisenge, Katanga, lina hatari yake. Mwaka 1837 mganga Couper wa Glasgow aliandika juu ya wafanyakazi waliosaga manganizi na miguu yao ikadhoofika. Mwaka 1955 Rodier aliandika juu ya wachimbaji wa Maroko waliopatwa na hali hiyo. Wagonjwa wa manganizi wengine wanatembea kwa vidole kama jogoo, viwiko vimekunjwa, na ukiwaambia warudi nyuma wanaanguka.

NAMNA YA KUPIMA NYUMBANI

Tafuta mahali palipo sawa: baraza la shule, ukumbi wa kanisa, au uwanja uliofagiwa vizuri. Usipime juu ya mawe ya lava, maana utapima mawe, hutampima mgonjwa.

1. Pima mita 14 kwa kamba. Weka alama mwanzoni, kwenye mita 2, kwenye mita 12, na mwishoni.

2. Mgonjwa aanze mwanzoni, aende kwa mwendo wake wa kila siku, asisimame mpaka mwisho. Avae viatu vyake vya kila siku. Kama anatumia fimbo, aitumie.

3. Anapopita mita 2, anza kuhesabu sekunde kwa saa au kwa simu. Anapopita mita 12, simamisha. Umepata muda wa mita 10. Zile mita mbili za kila upande ni za kuanza na za kupunguza mwendo, hazihesabiwi.

4. Hesabu pia hatua zake katika mita hizo 10.

5. Rudia mara tatu, apumzike katikati. Jumlisha sekunde, gawanya kwa tatu. Akipata 11, 12 na 13, andika 12.

Kipimo cha pili kilitolewa Canada mwaka 1991. Mgonjwa akae juu ya kiti. Ukisema "Twende", asimame, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Hesabu sekunde tangu uliposema mpaka amekaa. Kipimo hiki kinaonyesha kusimama na kugeuka, mahali ambapo wengi wanaanguka.

Mtu mmoja ashike saa, mwingine atembee kando ya mgonjwa, nyuma kidogo, tayari kumdaka. Usimpime peke yako mtu anayeanguka. Pima mara moja kwa juma, saa ile ile. Kama anakunywa dawa, andika saa aliyokunywa, maana mwenye Parkinson anaweza kutembea vizuri baada ya dawa na vibaya kabla yake. Andika pia kila mara alipoanguka, na mahali.

NAMNA YA KUSOMA HESABU

Mtu mzima mwenye afya anamaliza mita 10 kwa sekunde 7 mpaka 9 hivi. Mwaka 1995 waganga wa Marekani waliowachunguza wagonjwa wa kiharusi walionyesha mipaka miwili. Anayepita sekunde 12 na nusu anapata shida kutembea mjini kwa uhuru. Anayepita sekunde 25 kwa kawaida anatembea nyumbani tu. Katika kipimo cha kiti, mzee anayefika sekunde 12 au zaidi yumo katika hatari ya kuanguka.

Lakini usimlinganishe mgonjwa wako na jirani. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa juma lililopita. Sekunde moja ya leo na kesho si kitu. Pengine alilala vibaya. Bali sekunde zikiongezeka juma baada ya juma, ugonjwa unazidi, na mganga lazima ajue. Zikipungua, mazoezi au dawa inasaidia. Mgonjwa wa kiharusi aliyetoka sekunde 30 akafika 22 anaweza kudhani hajapona hata kidogo, kwa kuwa bado anavuta mguu. Mwonyeshe daftari. Atapata moyo wa kuendelea na mazoezi.

Katika hospitali kubwa za dunia kuna mikeka inayohisi nyayo, na vyombo vidogo vinavyofungwa kiunoni au kwenye kifundo cha mguu, vinavyoandika urefu wa kila hatua na namna mwili unavyoyumba. Ni vizuri. Lakini hata huko waganga bado wanapima mita 10 kwa saa, kwa sababu mwendo wa polepole ni dalili isiyofichika.

USINGOJE DAFTARI

Mambo mengine hayangoji juma moja. Nenda hospitali mara moja:

– mkono na mguu wa upande mmoja vikilegea ghafula, au mdomo ukipinda;

– mtoto akishindwa kutembea ghafula, miguu ikikakamaa au ikilegea. Ikilegea, waganga wanapaswa kuchunguza kama ni polio;

– mtu aliyeangukiwa na jiwe mgongoni akiona miguu imekufa ganzi, au akishindwa kukojoa. Huyo msimkunje wala msimbebe mgongoni. Mlazeni juu ya ubao, amenyooka, kichwa kisicheze, mbebeni watu wengi pamoja.

Kwa mengine, chukua daftari lako uende kwa mganga au kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Hapa Goma hospitali ya HEAL Africa na kituo cha walemavu cha Shirika la Umoja vinajulikana kwa kazi ya kuwasaidia watu kusimama tena.

NENO KWA KAPITA NA KWA WENZAKE

Kapita, ukimwona mtu wako anayumba, usianze kwa kumtukana kwamba amelewa. Mtoe kwanza kwenye ngazi na kwenye mashine. Kisha mwulize polepole, umpeleke kwa mganga. Na wewe unayeumwa, unajua unachoogopa: kazi, mshahara, chakula cha watoto. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Lakini mguu usiokutii juu ya ngazi ya shimo hautamngoja kapita agundue. Utakuangusha, na utamwangukia mwenzako.

Wazee walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Jioni hii, baba anapotoka mlangoni mpaka kwenye kiti chake, mama, mtazame anavyotembea. Watoto, lete kamba, saa na daftari.