Mtoto asiyeshiba: sahani yake na depo yetu



Safari hii hatuongei juu ya mbegu na mbolea peke yake. Tunaongea juu ya watoto wachache sana wanaokula bila kushiba. Majirani wanasema, "Huyu mutoto iko na tamaa." Wengine wanasema ni minyoo, wengine uchawi. Kumbe inaweza kuwa ugonjwa wa kuzaliwa nao: Prader-Willi, unaoitwa kwa majina ya wanganga wawili wa Uswisi walioueleza pamoja na mwenzao mwaka 1956.

Unatoka wapi?

Sehemu ya kromozomu ya 15 inayotoka kwa baba haifanyi kazi. Mara nyingi inatokea tu, si kosa la baba wala la mama, na hauambukizi. Tumbo linajaa, lakini ubongo hausikii kwamba limejaa.

Mtoto anazaliwa mlegevu, hana nguvu ya kunyonya. Wakati huo anahitaji kusaidiwa ale, si kupunguziwa. Miaka inayofuata anaanza kunenepa, halafu anatafuta chakula kila pahali. Misuli yake ni kidogo, kwa hiyo mwili wake unatumia nguvu kidogo: chakula kinachomtosha mwenzake, yeye kinamzidi. Unene huo unaleta ugonjwa wa sukari na shida ya kupumua.

Sahani yake

Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba kupunguza chakula tu hakutoshi. Watoto waliosaidika zaidi walipunguziwa chakula na pia wanga: 45% ya nguvu ya chakula ilitoka kwenye wanga, 30% kwenye mafuta, 25% kwenye vyakula vya kujenga mwili, pamoja na nyuzinyuzi nyingi.

Mashamba yetu yanaweza kutoa sahani inayokaribia hiyo:

- Nusu ya sahani: mboga, kama lengalenga, shu, biringanya, sombe isiyo na mafuta mengi.
- Robo: maharagi, soya, sambaza au yai.
- Robo tu: bugali, viazi au ndizi.

Mafuta ya mawese yapimwe kwa kijiko. Miwa, mandazi na vinywaji vya sukari viachwe, anywe maji. Msiondoe wanga wote bila munganga kufuatilia.

Tahadhari: sahani hii si ya kila mtoto. Aliyekonda, au aliyevimba miguu kwa bwaki, anahitaji kuongezewa chakula. Mtoto msiyemwelewa apelekwe kwanza kituo cha afya. Kipimo cha jeni ndicho kinachothibitisha ugonjwa.

Depo yetu

Hapa kazi ni ya koperative nzima. Mtoto huyu anaweza kula hata kisicholiwa: mihogo michungu ambayo haijalowekwa, maharagi mabichi, mbegu zilizopakwa dawa. Tena watoto hawa hutapika kwa shida, basi sumu inabaki tumboni. Kwa hiyo:

- Depo ifungwe kwa kufuli, na funguo ishikwe na mtu mmoja anayejulikana.
- Mbegu zenye dawa zisiachwe nyumbani wala kando ya shamba.
- Mihogo inayolowekwa ifunikwe na ilindwe.
- Akionekana amekula kitu kama hicho, au tumbo linamuuma na kuvimba, apelekwe kwa munganga mara moja, hata kama halii sana.

Nyumbani, chakula kiwe saa ileile kila siku, na mtoto ajue mapema atakula nini. Jamaa yote ile chakula hichohicho mbele yake. Jirani asimpe kitu kwa huruma, na chakula kisiwe zawadi.

Akiiba chakula, msimpige wala kumwita mchawi. Fimbo haifundishi ubongo kusikia shibe. Kufuli na sahani iliyopimwa vinamsaidia zaidi, na yeye mwenyewe anatulia akijua kwamba hakuna cha kutafuta.

Kwenye mkutano ujao, tuanze na neno dogo: nani anashika funguo ya depo?