Kupima Fungu la Karata la Anayeanza Kucheza

Mwalimu anapoletewa kifaa cha kufundishia kilichokwisha kutengenezwa kiwandani, swali la kwanza linalomjia huwa ni hili: je, kifaa hiki ni kizuri? Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Hakuna kifaa kilicho kizuri peke yake. Kifaa huwa kizuri kwa mwanafunzi fulani, katika hatua fulani ya kujifunza kwake. Katika makala haya tutajaribu kulieleza jambo hilo kwa kuchunguza kifaa ambacho wengi wetu hatujakizoea darasani, yaani fungu la karata lililopangwa tayari kwa ajili ya mtoto anayeanza kujifunza mchezo wa karata za kukusanya. Tumeuchagua mfano huu kwa makusudi. Katika mchezo, kasoro za kifaa hujitokeza upesi kuliko katika somo, kwa sababu mtoto aliyepewa fungu baya hushindwa mbele ya wenzake, tena bila kujua kwa nini ameshindwa.

Mchezo wenyewe

Karata za kukusanya hazifanani na zile karata 52 tunazozifahamu. Katika karata za kawaida, wachezaji wote hugawiwa kutoka katika fungu moja. Katika karata za kukusanya, kila mchezaji huja na fungu lake mwenyewe, alilolipanga kwa kuchagua miongoni mwa maelfu ya karata zilizochapishwa. Mchezo uliofungua njia hiyo ni Magic: The Gathering, uliobuniwa na mwanahisabati wa Marekani, Richard Garfield, na kutolewa mwaka 1993. Mwaka 1996 ulitolewa nchini Japani mchezo wa karata za Pokémon, nao ukaingia Marekani mwaka 1999. Huu wa pili ndio tutakaoutumia hapa, kwa kuwa watoto wengi huanzia kwake.

Kanuni zake kwa ufupi ni hizi. Kila mchezaji ana fungu la karata 60 barabara. Karata hizo ni za aina tatu: karata za viumbe wanaopambana, karata za nishati, ambazo huwapa viumbe uwezo wa kushambulia, na karata za mkufunzi, ambazo humsaidia mchezaji kutafuta karata nyingine, kuwaponya viumbe wake na kadhalika. Isipokuwa nishati za msingi, hairuhusiwi kuwa na nakala zaidi ya 4 za karata zenye jina moja. Mwanzoni mchezaji huchukua karata 7 mkononi, humweka kiumbe wa msingi uwanjani, kisha huweka kando karata 6 za tuzo zikiwa zimefunikwa. Katika kila zamu yake huvuta karata moja, na huruhusiwa kumwongezea kiumbe karata moja tu ya nishati. Amwangushapo kiumbe wa mpinzani, huchukua karata ya tuzo. Njia ya kawaida ya kushinda ni kuzimaliza tuzo zako kabla ya mwenzako.

Kosa la kupima kwa nguvu

Watu wengi wanapolitazama fungu lililopangwa tayari huuliza kwanza kama lina karata zenye nguvu, au karata adimu zenye bei kubwa. Hicho ni kipimo cha bingwa. Bingwa amekwisha kuujua mchezo. Anachotafuta ni ushindi. Anayeanza hutafuta jambo jingine kabisa: anataka kuelewa yanayotokea mbele ya macho yake.

Kwa hiyo sisi twapendekeza kipimo hiki: fungu zuri kwa anayeanza ni lile linalomwezesha, mchezo ukiisha, kueleza kwa nini ameshinda au ameshindwa. Mtoto anayesema, “Nimeshindwa kwa sababu nilimpa nishati kiumbe wa nyuma, na yule wa mbele akakosa nguvu za kushambulia,” amejifunza. Mtoto anayesema, “Nimeshindwa kwa sababu sikupata karata,” huenda anasema kweli, lakini hakujifunza neno. Akiyasema hayo mara tatu mfululizo, ataanza kuamini kwamba yeye hana akili ya mchezo, kumbe fungu lake ndilo lililokuwa garasa tupu. Hatari hiyo twaijua vizuri katika masomo yetu ya hesabu na kusoma. Mtoto hupewa kazi asiyoweza kuianza, kisha huhesabiwa kuwa mzito wa kuelewa.

Mambo sita ya kuangalia

(a) Je, fungu linamwezesha mtoto kuanza? Mchezaji asiyepata kiumbe wa msingi katika karata zake 7 za kwanza hana budi kuzionyesha, kuzirudisha, kuchanga upya na kuchukua nyingine 7. Naye mpinzani huruhusiwa kuongeza karata moja mkononi mwake. Tuhesabu basi. Fungu likiwa na viumbe wa msingi 8, karata ya kwanza ina nafasi 52 kati ya 60 ya kuwa karata nyingine, ya pili nafasi 51 kati ya 59, na kuendelea hivyo hadi ya saba. Tukizizidisha sehemu hizo zote tutaona kwamba mchezaji atakosa kiumbe wa msingi kwa wastani mara 35 katika kila michezo 100. Viumbe hao wakiwa 12, atakosa mara 19. Wakiwa 16, mara 10 tu.

Hesabu kama hiyo yahusu nishati pia. Fungu lenye nishati 18 humwacha mchezaji bila nishati katika karata zake 7 za kwanza mara 7 hivi katika 100. Lenye nishati 10 humwacha hivyo mara 26. Mabingwa hudiriki kupunguza nishati kwa sababu wanajua kuzitumia karata za mkufunzi kutafuta wanachokihitaji. Anayeanza hajawa na ujuzi huo. Kwa hiyo wingi wa nishati, ambao bingwa huuona kuwa udhaifu, kwa mwanafunzi ni msaada.

(b) Je, kuna marudio ya kutosha? Karata yenye nakala moja tu katika fungu la 60 huwamo katika karata 7 za kwanza mara 12 hivi katika michezo 100. Karata yenye nakala 4 huonekana walau mara 40. Fungu lililojaa karata za nakala mojamoja hupendeza kulitazama, lakini kila mchezo huwa ni somo jipya, na la jana halirudiwi. Mwalimu wa darasa la kwanza hafundishi herufi ishirini kwa siku moja. Vivyo hivyo, fungu la anayeanza liwe na karata chache zinazorudi mara kwa mara, mpaka mtoto azitambue kabla ya kuzisoma.

(c) Mzigo wa kusoma ni mkubwa kiasi gani? Karata hizi huchapishwa kwa Kiingereza, Kijapani, Kifaransa na lugha nyingine kadhaa, lakini si kwa Kiswahili. Maelezo ya karata moja yaweza kuwa sentensi moja fupi, au aya nzima yenye masharti ndani ya masharti. Mtoto asiyeimudu lugha hiyo hulazimika kumtegemea mwenzake amsomee, na mara nyingi mwenzake huyo ndiye mpinzani wake. Kabla ya kulipokea fungu, na tuzisome karata zake zote kwa sauti. Zile ambazo sisi wenyewe twazirudia mara mbili ndipo tuzielewe, tuziondoe mpaka hatua ya baadaye.

(d) Je, mafungu mawili yanalingana? Fungu la kujifunzia halipimwi peke yake. Hupimwa pamoja na lile litakalokabiliana nalo. Njia rahisi ya kulijua hilo ni kubadilishana. Watoto wawili wacheze michezo kadhaa, kisha wabadilishane mafungu na kucheza tena idadi ileile. Ikiwa fungu moja hushinda karibu kila mara, lishikwe na yeyote yule, basi ushindi umo katika karata. Ikiwa mtoto mmoja hushinda kwa mafungu yote mawili, basi ana ujuzi ambao mwenzake anaweza kufundishwa. Tusitoe hukumu baada ya mchezo mmoja au miwili, kwa maana bahati nayo ina sehemu yake.

(e) Je, kuna mpango wa hatua kwa hatua? Tuchukue mfano wa sanduku liitwalo Battle Academy, lililotolewa mwaka 2020 kwa ajili ya wanaoanza mchezo wa Pokémon. Lilikuwa na ubao wa kuchezea na mafungu matatu: la Charizard, la Pikachu na la Mewtwo. Mawili ya kwanza yaliambatana na vijitabu vya mwongozo, na karata zake zilipangwa kwa mfuatano maalumu, hata kila mchezaji akajua tangu mwanzo karata gani itakuja na aitumie vipi. Fungu la Mewtwo liliwekwa kwa ajili ya hatua ya baadaye.

Mpango huo ni wa kusifiwa. Katika somo la kwanza bahati imeondolewa kabisa, ili mtoto aelekeze akili yake kwenye kanuni. Lakini mpango huohuo una hatari yake. Mtoto anayefuata kijitabu neno kwa neno hajaamua lolote. Amekuwa kama anayenakili jibu ubaoni. Mwongozo ukirudiwa mara nyingi, watoto huweza kuukariri bila kuuelewa. Kwa hiyo mchezo wa kwanza na uwe wa kuongozwa, na ule unaofuata uchezwe kwa karata zilizochangwa. Mwalimu naye, mahali pa kusema “weka karata hii,” aulize, “una njia ngapi hapa, nawe unapenda ipi?”

(f) Je, fungu lina mlango wa kutokea? Fungu zuri la anayeanza hatimaye halina budi kuachwa. Mtoto akisha kulizoea, aruhusiwe kutoa karata mbili au tatu na kuingiza nyingine, ilimradi jumla ibaki 60. Kabla ya kucheza aseme ni nini anachotarajia kibadilike. Baada ya kucheza aseme kama kilibadilika. Hapo ametoka katika kutumia kazi ya mtu mwingine na kuingia katika kufikiri mwenyewe. Fungu ambalo karata zake zinategemeana kiasi kwamba ukitoa moja zote huharibika halifai kwa hatua hii, hata likiwa na nguvu namna gani.

Suala la fedha

Karata hizi huuzwa pia katika pakiti ndogo ambazo mnunuzi hajui zina nini ndani mpaka azifungue. Mwenye fedha hununua nyingi, na huongeza nafasi yake ya kupata karata bora. Asiye na fedha hubaki na alizo nazo. Tukiingiza desturi hiyo shuleni, tutakuwa tumeuleta mlangoni mwa darasa ushindani wa mifuko ya wazazi, na pengine mazoea ya kubahatisha kwa fedha. Fungu lililopangwa tayari lina sifa kubwa katika jambo hili: yaliyomo hujulikana kabla ya kununua, na mafungu yanayolingana huwaweka mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini katika hali moja. Hata hivyo, fungu hilo liwe mali ya darasa, lihesabiwe kabla na baada ya mchezo, wala watoto wasiruhusiwe kuzibadilisha karata zake na za kwao wenyewe.

Hitimisho

Tumeona kwamba fungu lenye karata za kawaida tu, nishati nyingi na marudio mengi laweza kuwa bora kwa mtoto kuliko fungu ambalo bingwa angelitamani. Kanuni hiyo haiishii katika karata. Kitabu cha kusomea, seti ya vihesabio, ramani ya ukutani na sanduku la vifaa vya sayansi vyote huja vikiwa vimesifiwa na waliovitengeneza. Kazi yetu ni kuuliza kama mtoto anaweza kuanza kuvitumia, kama atakutana na jambo lilelile mara za kutosha, na kama siku moja ataweza kuendelea bila kuvitegemea. Mtoto anayeweza kueleza sababu ya kushindwa kwake atarudi kucheza kesho. Asiyeweza, yaelekea hatarudi, na mwalimu asimlaumu kabla ya kukichunguza kile alichompa mkononi.

Maswali ya kujadiliana

1. Fungu la karata 60 lina nishati 20. Kwa wastani, ni nishati ngapi zitakazokuwamo katika karata 7 za kwanza? Utawaelezaje wanafunzi wa darasa la sita maana ya neno “wastani” kwa kutumia mfano huo?

2. Chagua kifaa kimoja cha kufundishia kilichomo chuoni kwenu. Kipime kwa mambo sita tuliyoyataja. Ni lipi kati ya hayo ambalo kifaa hicho hakikulitimiza, na mwalimu afanye nini ili kulirekebisha?

3. Mtoto ameshindwa mara nne mfululizo naye anakataa kuendelea. Ni maswali gani utakayomwuliza kabla ya kuamua kama tatizo limo katika fungu lake au katika uchezaji wake?