Vuli ya Tarime na Serengeti huanzia baharini

MKULIMA wa Tarime huangalia mawingu upande wa Ziwa Victoria ili ajue kama wakati wa kupanda umefika. Hata hivyo, wingi wa mvua za vuli, zinazonyesha kati ya Oktoba na Desemba, hutegemea sana mambo yanayotokea mbali, katika Bahari ya Hindi na hata Pasifiki.

Jambo kubwa ni joto la maji. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ulio jirani na pwani yetu, ukipata joto kuliko ule wa Indonesia, hewa yenye unyevu hupanda juu ya Afrika Mashariki na mvua huwa kubwa. Hali ikigeuka, mvua huenda Indonesia na huku hubaki ukavu. El Nino mara nyingi huambatana na hali ya kwanza, La Nina na ya pili.

Mifano ipo. Mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998, mvua za El Nino ziliharibu barabara, madaraja na reli nchini. Vuli ya 2005 ilikuwa haba, na mwaka 2006 nchi ikakumbwa na upungufu wa chakula na mgawo wa umeme. Vuli ya 2019 ilifurika, na Mei 2020 kina cha Ziwa Victoria kikaipita rekodi ya 1964.

Bahari haibadiliki kwa siku moja. Joto linaloonekana Septemba mara nyingi hudumu hadi Desemba, ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huweza kutoa utabiri wa vuli mapema. Kwa masika uhusiano huo ni dhaifu zaidi.

Utabiri ukionyesha mvua chini ya wastani, mkulima huchagua mtama, muhogo au mahindi yanayokomaa haraka, na haachi ghala tupu kwa tamaa ya bei. Mfugaji wa Serengeti huuza baadhi ya ng'ombe wakiwa bado na uzito, kabla soko halijajaa mifugo iliyokonda. Mvua kubwa zikitarajiwa, makinga maji kwenye miteremko ya Tarime hutengenezwa kabla ya Oktoba.

Utabiri hutaja uwezekano tu. Mwenye busara hugawa shamba lake, mahindi huku na mtama kule, ili msimu ukienda kombo asikose vyote.