Wakili wa mwajiri aitwe kabla ya barua, si baada ya kesi

"Kesho usije kazini." Kwa mwenye bekari, gereji au shule binafsi pale Butimba, jijini Mwanza, kauli hiyo ikishatamkwa jambo limekwisha. Kisheria, hapo ndipo linapoanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 37, inataka mambo mawili kabla mfanyakazi hajaachishwa kazi: sababu halali na utaratibu wa haki. Kifungu cha 39 kinambebesha mwajiri mzigo wa kuthibitisha yote mawili. Akishindwa, anaweza kuamriwa kumrudisha mfanyakazi kazini au kumlipa fidia, ambayo sheria hiyo ilipotungwa ilisema isipungue mishahara ya miezi 12. Kwa kipimo hicho, mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 300,000 kwa mwezi aligeuka deni la shilingi 3,600,000, kabla ya kuhesabu notisi, likizo isiyolipwa na kiinua mgongo. Ndiyo maana wakili wa kazi anayemfaa mwajiri ni yule anayeitwa kabla barua ya kuachisha kazi haijaandikwa.

Kampuni za mawakili zinazosifika kwa sheria ya kazi nchini, kama Bowmans, Clyde & Co na FB Attorneys, zina ofisi Dar es Salaam, na miongoni mwa wateja wao ni mabenki, migodi na kampuni za kigeni. Wengi hudhani kazi yao ni kusimama mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na kumshinda mlalamikaji. Hiyo ni sehemu tu. Wakili mzuri wa mwajiri huandaa mikataba, hutunga kanuni za nidhamu, hukagua ajira za kampuni inayotaka kununuliwa, hujadiliana na vyama vya wafanyakazi, na hufuatilia sheria inapobadilika. Bunge lilirekebisha sheria za kazi mwaka 2025 na, miongoni mwa mengine, likaongeza likizo ya uzazi kwa mama aliyejifungua mtoto njiti. Mwajiri anayetumia mkataba aliounakili miaka kumi iliyopita hawezi kulijua hilo, na kutojua hakumwokoi.

Hoja ya kumwita wakili mapema inatokana na namna mashauri haya yanavyoamuliwa. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinaeleza hatua: uchunguzi, tuhuma zilizoandikwa kwa lugha anayoielewa mfanyakazi, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na kikao kinachoongozwa na kiongozi asiyehusika na tukio, ambapo mfanyakazi ana haki ya kusaidiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Wapo waajiri wanaosema huo ni urasimu unaomlinda mwizi. Lakini Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikiwa hapa hapa Mwanza, katika shauri la marejeo namba 79 la mwaka 2009 lililoihusu benki ya NBC, ilieleza kwamba hatua hizo hazikaguliwi moja baada ya nyingine kama orodha ya mahudhurio. Kinachotazamwa ni kama misingi ya kusikilizwa kwa haki ilizingatiwa, ili mtu asiachishwe kazi kiholela. Sheria basi haimzuii mwajiri kumwondoa mwizi. Inamtaka amsikilize kwanza na aweke kumbukumbu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na kesi ya kazi hupotea vivyo hivyo.

Mji huu wa Mwanza una sababu yake ya kulizingatia jambo hili. Uchumi wake umeegemea ziwa, na ziwa lina misimu na misukosuko. Jumuiya ya Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria mwaka 1997 na tena 1999, viwanda vya minofu ya sangara vilipoteza soko ghafla. Kiwanda kikikumbwa na hali kama hiyo leo, kupunguza wafanyakazi ni halali, ila kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinataka mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ajadiliane na chama au wafanyakazi wenyewe kuhusu njia za kuepuka upunguzaji, vigezo vya kuchagua watakaoondoka na malipo yao. Majadiliano hayo hayana maana majina yakiwa yamekwisha kubandikwa ukutani. Wakili aliyeitwa mapema huyaongoza. Aliyeitwa baadaye hubaki kutetea kosa.

Pingamizi la kwanza ni gharama: mwenye vibarua sita atampata wapi wakili? Hesabu yenyewe inajibu. Katika mashauri ya kazi, kwa kawaida aliyeshindwa haamriwi kulipa gharama za mwenzake, isipokuwa shauri likiwa halina msingi au limeletwa kwa kuudhi. Kwa hiyo hata mwajiri anayeshinda hubaki na ankara ya wakili wake. Ushauri wa saa moja kabla ya uamuzi ni nafuu kuliko ushindi wa miaka miwili. Tena sheria haimlazimishi kwenda CMA na wakili. Anaweza kuwakilishwa na chama cha waajiri, kama ATE, au na mtu anayemchagua, na Tume yenyewe ina mamlaka ya kutoa ushauri na mafunzo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba mawakili wa waajiri ni silaha ya mwenye nguvu dhidi ya mnyonge. Ni kweli wapo wanaotumia mapingamizi ya awali kumchosha mtu ambaye tayari amepoteza mshahara, na ambaye ana siku 30 tu za kufikisha mgogoro wa kuachishwa kazi mbele ya Tume. Tabia hiyo ilaumiwe waziwazi. Lakini dawa yake si mwajiri kukosa wakili. Mwajiri asiye na mshauri hufukuza kwa hasira, na anayeumia kwanza ni mfanyakazi. Wakili mwenye uadilifu humwambia mteja wake: "Hapana, hili huwezi kulifanya." Neno hilo humlinda anayelipwa na anayelipa.

Kwa hiyo tusizipime kampuni za mawakili kwa kesi walizoshinda tu. Tuzipime kwa migogoro isiyofika CMA, na kwa mikataba ambayo mlinzi na mpishi wanaweza kuisoma kwa Kiswahili, lugha ambayo tangu 2021 ndiyo lugha ya sheria na mahakama zetu. Mawakili wa Mwanza, wafuateni waajiri wadogo wa Butimba, Nyegezi na Igogo kwa makundi na kwa ada wanayoimudu. Na wewe mwajiri, kabla hujatamka "kesho usije", kaa na mfanyakazi wako, msikilize, andika alichosema, kisha uliza.